Nani hasa anaimba kwenye My Fair Lady?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Juzi Jumapili nilimwekea mama filamu ya zamani ya My Fair Lady. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mjomba akaingia katikati, akatuharibia: eti yule dada anayecheza Eliza haimbi, sauti ni ya mtu mwingine kabisa, na kwamba kulikuwa na mwimbaji hodari aliyeicheza nafasi hiyo jukwaani miaka mingi akaachwa hivihivi. Mama amekataa katakata, anasema mdomo unaonekana unaimba. Nani yuko sahihi? Na kama mjomba yuko sahihi, kwa nini filamu ya nyimbo apewe mtu asiyeimba? Halafu yule profesa naye, mbona kama anaongea tu?

Jibu: Marahaba mwanangu, na mpe mama salamu. Mjomba ameshinda, lakini si kwa mabao mengi kama anavyodhani.

Karibu kila mahali Eliza anapopandisha sauti kuimba, unayemsikia ni Marni Nixon, mwimbaji wa Kimarekani wa sauti ya juu, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye filamu, mwanzo wala mwisho. Audrey Hepburn unayemwona ndiye anayeongea, anayelia na anayefoka, na vipo vipande vya nyimbo ambavyo ni vyake mwenyewe. Nitakuelekeza pa kuvisikia. Freddy, yule kijana anayeshinda barabarani akiikodolea macho nyumba ya profesa, naye haimbi: mdomo ni wa Jeremy Brett, sauti ni ya Bill Shirley. Mzee Doolittle, baba yake Eliza, mzoa taka mpenda kinywaji, ni Stanley Holloway kwa koo lake. Na profesa Higgins ni Rex Harrison mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, tena hakurekodi studio kwanza kama wenzake. Aliimba, au tuseme aliongea, papo hapo kamera zikiwa kazini.

Mambo haya yangekuwa umbea wa Hollywood tu kama filamu ingekuwa inahusu kitu kingine, tuseme mapenzi ya baharia. Lakini hii ni hadithi ya msichana anayevuliwa sauti aliyozaliwa nayo na kuvishwa nyingine. Kwa hiyo kila nikiitazama, yaliyotokea nyuma ya kamera nayaona yanachungulia mbele.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona: ni London, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Eliza Doolittle anauza maua Covent Garden, nje ya jumba la opera, na Kiingereza chake ni cha mitaa ya walalahoi, lafudhi inayoitwa Cockney. Henry Higgins, mtaalamu wa matamshi, anamsikia na kumwandika kwenye daftari kama mdudu wa maabara. Anajigamba mbele ya Kanali Pickering kwamba kwa miezi sita anaweza kumgeuza msichana huyu aingie kwenye dansi ya ubalozi na kudhaniwa bibi wa ukoo mkubwa wa kikabaila. Kesho yake Eliza anakuja mwenyewe, kanawa uso, anataka kulipia masomo. Anataka kazi kwenye duka la maua, na dukani hawamchukui kwa jinsi anavyoongea.

Sisi hili hatuhitaji kuelezwa. Ingia sokoni Unguja, fungua mdomo kwa lafudhi ya bara, uone bei inavyopanda. Mtu akisema "nakura ugari", kabla hujageuka kumtazama umeshampa wilaya, kabila na darasa aliloishia. Shida kubwa ya Eliza ni herufi h, anaimeza. Kwetu ukiimeza, "hapa" inakuwa "apa", ombi la kiti linageuka kiapo. Higgins anamweka mbele ya kimoto kidogo cha gesi: akitamka h sawasawa, pumzi inatoka na moto unatikisika, akiimeza, moto unasimama wima unamtazama. Ni kifaa kizuri sana cha kuchekesha, kwa sababu hadhira inaona kosa kwa macho hata kama haijui Kiingereza.

Hapa nichomeke jambo ambalo watu wachache wanalijua. Maabara ile ya Higgins, na mashine zake, iliandaliwa kwa ushauri wa mwanafonetiki wa kweli, Peter Ladefoged wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Zile irabu zinazotoka kwenye mashine ni sauti yake. Mtu huyohuyo baadaye alishiriki kuandika kitabu kuhusu lugha za Uganda, kilichotoka 1972, na miaka ya 1990 alikuwa mmoja wa watafiti waliochapisha uchunguzi wa sauti za Kihadza, ile lugha ya vidoko ya kando ya Ziwa Eyasi. Yaani sikio lililomsaidia Higgins wa kuigiza ndilo lililokuja kuwasikiliza ndugu zetu Wahadza, na bila shaka kwa adabu kuliko Higgins.

Turudi kwenye sauti. Kabla ya filamu ya 1964 kulikuwa na tamthilia ya muziki ya 1956, na kabla yake kulikuwa na mchezo wa kuigiza usio na wimbo hata mmoja, Pygmalion, wa George Bernard Shaw, yule Mwairishi mwenye ndevu na ulimi mkali. Ulionyeshwa kwanza Vienna 1913, kwa Kijerumani, ukafika London 1914. Shaw hakutaka kabisa uwekewe muziki. Alikuwa ameshaumwa na nyoka: mchezo wake mwingine uligeuzwa opereta, yaani opera nyepesi, mwaka 1908, ukapendwa na watu wote isipokuwa yeye, na tangu hapo kila aliyekuja na ombi la namna hiyo alifukuzwa. Alipofariki 1950, mlango ukafunguka.

Waliopita mlangoni ni mwandishi Alan Jay Lerner na mtunzi wa muziki Frederick Loewe, lakini si kwa mkupuo mmoja. Walijaribu 1952, wakashindwa, wakaacha. Rodgers na Hammerstein, wakubwa wa fani hiyo wakati ule, nao walikuwa wameshaugusa mfupa huo wakauacha. Tatizo lilikuwa kwamba tamthilia ya muziki ya kawaida ilihitaji kundi la wachezaji dansi, wapenzi wawili wanaotamkiana mapenzi, na jozi ya pili ya kuchekesha pembeni. Pygmalion ni watu wanne watano wanabishana chumbani. Mwaka 1954 Lerner na Loewe walirudi na wazo jepesi mpaka unajiuliza kwa nini halikuja mapema: mabishano yaachwe kama yalivyo, nyimbo zichukue yale ambayo Shaw aliyaficha kati ya sehemu moja na nyingine. Masomo ya matamshi, kwa mfano, kwenye mchezo wa Shaw yanarukwa karibu yote. Ilikuwapo pia filamu ya Pygmalion ya 1938, isiyo ya nyimbo, ambayo Shaw mwenyewe alishiriki kuiandika na kupewa Oscar, na humo ndimo dansi ya ubalozi na sentensi ile ya mvua ya Hispania, anayoikariri Eliza kujifunza matamshi, zilipoanzia. Walizichukua zote mbili. Kwa hiyo mjomba akikwambia filamu ya 1964 ni ya tamthilia ya Broadway, kule kwenye majumba ya maonyesho ya New York, mwambie na filamu ya 1938 imo ndani yake.

Onyesho lilifunguliwa New York tarehe 15 Machi 1956. Eliza alikuwa Julie Andrews, Mwingereza wa miaka 20. Wakati wa mazoezi alikuwa anaelea: sauti ya kuimba anayo, na ni ya dhahabu, ila Eliza mwenyewe hakumpata. Mwongozaji Moss Hart aliwapa wengine mapumziko ya mwisho wa juma, akajifungia na binti yule kwenye jumba la maonyesho, akamchonga sentensi kwa sentensi, akimwonyesha hata jinsi ya kushika mkoba. Andrews amesimulia mwenyewe baadaye, bila kinyongo. Ona basi: hata huyo Eliza wa jukwaani alipata Higgins wake.

Onyesho lilikwenda mara 2,717 New York pekee, rekodi kwa tamthilia ya muziki wakati huo. Andrews aliliigiza huko, kisha London, jumla karibu miaka mitatu na nusu. Na santuri ya nyimbo zake ilikuwa ndani ya nyumba za watu wengi sana, Marekani na Uingereza. Hili ulikumbuke, kwa sababu ndilo lililomponza Hepburn: watu waliingia sinema na sauti ya Andrews tayari masikioni.

Sasa kwa nini Andrews aliachwa? Jack Warner, mkuu wa studio ya Warner Bros., alilipa dola milioni 5.5 kwa haki ya kuitengeneza filamu tu, kabla hata msumari mmoja haujapigiliwa. Hakuna aliyewahi kulipa kiasi hicho. Gharama yote ilikuja kufika dola milioni 17 hivi. Mtu aliyemwaga pesa namna hiyo anafikiri kama mwenye duka: Andrews alikuwa hajawahi kucheza filamu hata moja, na nje ya miji mikubwa uso wake haukuwa unajulikana. Hepburn alikuwa na Oscar kabatini na jina lililojaza sinema mabara yote. Akalipwa dola milioni moja. Rex Harrison naye aliponea chupuchupu. Inasimuliwa kwamba Warner alimtaka Cary Grant, naye Grant akamjibu kwamba si tu hatacheza, bali kama Harrison hatapewa nafasi hiyo hata kwenda kuitazama hataenda. Mimi uamuzi wa Warner siupendi, lakini siuiti upumbavu. Ningekuwa na milioni 17 za kupoteza, huenda nami ningekuwa mwoga.

Sasa tuje kwenye neno lako "asiyeimba". Hapo mjomba amekosea. Hepburn alikuwa anaimba. Miaka mitatu tu kabla, kwenye Breakfast at Tiffany's, aliketi dirishani na gitaa akaimba "Moon River" kwa sauti yake, na wimbo ule umedumu mpaka leo. Lakini mtunzi wake, Henry Mancini, aliushona kwa kipimo cha Hepburn: noti chache, zote za jirani, hakuna kupanda ngazi. Nyimbo za Eliza zilishonwa kwa kipimo cha Andrews. Chukua "I Could Have Danced All Night". Unaanza chini, unapanda, unapanda tena, na mwisho unatakiwa uiachie noti ya juu ing'ae kama sinia la shaba. Hepburn kule juu hafiki, na akifika, sauti inakuwa nyembamba, inatetemeka. Hakuna aibu hapo. Gauni la mwenzako ni gauni la mwenzako.

Hepburn alijifua. Alichukua mwalimu wa sauti, akarekodi nyimbo, na aliamini kwamba sehemu kubwa ya sauti yake itabaki, Nixon atamsaidia kule juu tu. Kazi ikiwa inaendelea akaambiwa hapana, karibu zote zitakuwa za Nixon. Aliondoka zake seti siku ile. Kesho yake akarudi kuwaomba watu wote radhi kwa kuondoka. Ndivyo alivyokuwa, wanasema waliofanya naye kazi. Baadhi ya rekodi zake za wakati ule zilinusurika, na filamu ilipokarabatiwa mwaka 1994 watu wakasikia anavyoiimba "Wouldn't It Be Loverly", wimbo wa kwanza wa Eliza, pale sokoni wauza mboga wakiota moto. Itafute. Noti mbili tatu zinayumba, kweli. Lakini yule ni muuza maua kweli mwenye baridi, anayetamani chumba chenye moto na chokoleti, na anayumba kama mtu anavyoyumba. Mimi kwa wimbo ule ningemwachia. Kwa "I Could Have Danced All Night" nisingethubutu.

Mama anasema mdomo unaonekana unaimba, na ndivyo ilivyokusudiwa. Kwa kawaida wimbo wa filamu unarekodiwa kwanza studio na okestra nzima, halafu siku ya kupiga picha unapigwa kwenye spika na mwigizaji anaufuata kwa midomo. Wasanii wetu wanaita pleibeki, na mashabiki wanawazomea. Kwenye filamu hakuna wa kuzomea, kwa sababu wimbo mmoja unapigwa picha kwa siku kadhaa, kamera ikihama, na sauti isipotoka mahali pamoja kila kipande kitakuwa na pumzi yake. Kazi ya Nixon basi haikuwa kuimba vizuri tu. Wapo wengi wanaoimba vizuri. Alitakiwa aimbe kama ambavyo Hepburn angeimba kama angeweza, na Hepburn huyo ni wawili: wa Cockney mwanzoni, wa matamshi ya kasri mwishoni. Alikaa karibu naye, akamsikiliza anavyoongea, anavyovuta irabu. Alishafanya hivyo kwa Deborah Kerr kwenye The King and I na kwa Natalie Wood kwenye West Side Story, na kwenye hizo pia jina lake halikutokea.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaliona hilo kwa jicho la ajabu kidogo. Kwetu mtu anayeingiza sauti, awe Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, ndiye nyota. Jina lake linatangulia, na yule Mchina anayeruka ukuta humjui hata anaitwa nani. Hollywood ilifanya kinyume, ikamficha fundi wa sauti kama siri ya ndoa.

Sasa fanya jaribio hili na mama. Nenda kwenye "Just You Wait", pale Eliza amebaki peke yake baada ya kutukanwa na Higgins, naye anaapa kwamba kuna siku yake. Anaanza kwa hasira, meno yameuma, sauti nzito yenye mikwaruzo: huyo ni Hepburn. Halafu anaanza kuota kwamba atakuwa maarufu, atakwenda kwa mfalme, na muziki unalainika unapanda. Sikiliza hapo hapo. Sauti inakuwa laini kama imepakwa siagi. Ni Nixon ameingia. Mfalme anatoa amri, kikosi kinakuja kumpiga Higgins risasi, wimbo unarudi kwenye hasira, na Hepburn anarudi. Ndani ya wimbo mmoja wanabadilishana mara mbili, na mshono ukishauonyeshwa huwezi tena kutouona. Na kuna marudio mafupi ya wimbo huo baadaye, baada ya dansi ya ubalozi, Eliza amevunjika moyo: hayo ni ya Hepburn peke yake, karibu kilio. Hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Kuhusu profesa wako anayeongea tu. Rex Harrison alikuwa mwigizaji wa michezo isiyo na nyimbo, hakuwa mwimbaji, na alijijua. Mbinu aliyojengewa ni kusema maneno juu ya muziki, akigusa noti pale panapofaa na kuipita pale isipomfaa. Lerner alimwandikia nyimbo kwa mwendo huohuo wa mtu anayebishana. Haikuwa rahisi kama inavyoonekana: walipojaribu onyesho kwa mara ya kwanza mbele ya watu kule New Haven, Februari 1956, na okestra nzima imejaa chini ya jukwaa, Harrison alipata hofu, akatangaza kwamba hatoki, na alibembelezwa mpaka dakika za mwisho huku nje theluji inaanguka. Nikukumbushe pia kwamba Higgins ni mtu anayeamini maneno ni mali yake. Wengine wakizidiwa na moyo, wanaimba. Yeye hana cha kumzidi, au anadhani hana. Kwa hiyo anaongea.

Wakati wa filamu akaja na sharti: pleibeki hapana. Alisema hajawahi kuusema wimbo mara mbili kwa namna moja, basi atafuataje rekodi yake mwenyewe? Mafundi wa sauti wakiongozwa na George Groves, mzee aliyekuwapo tangu filamu zinaanza kusema, maana ndiye aliyerekodi The Jazz Singer ya 1927, wakamfichia kipaza sauti kisichotumia waya ndani ya tai. Mwaka 1963 hicho hakikuwa kitu cha kununua dukani.

Mimi nimefanya kazi ya mitambo ya sauti kabla ya kufundisha, kwa hiyo hapa huwa navua kofia. Miaka ya karibuni tu, na vifaa vya kisasa, nilimbana mwigizaji kipaza sauti chini ya kanzu kwenye onyesho moja Dar es Salaam. Kanzu ilikuwa imepigwa wanga. Kila akipumua: kwaruu, kwaruu, watu wakadhani mzee anaumwa kifua, na kwa bahati mbaya alikuwa anaigiza bwana harusi. Sasa fikiria Harrison, koti zito, fulana ya juu, tai, anapanda ngazi, anashuka, anavua koti katikati ya wimbo, na kila neno linatoka safi kama anakunong'oneza. Okestra ndiyo iliyotakiwa imfuate yeye. Sikiliza "I've Grown Accustomed to Her Face" mwishoni, anatembea barabarani kurudi nyumbani: mara anakasirika, mara anasita, mara sauti inashuka mpaka inakaribia kuwa wimbo kweli. Midomo ya kufuatisha isingeweza kufanya vile.

Mtu anaweza kusema filamu yenyewe ni jukwaa lililopigwa picha, na kuna ukweli. Mwongozaji George Cukor hakwenda London; Covent Garden, barabara ya Higgins na uwanja wa mbio za farasi vyote vilijengwa ndani ya studio kule Burbank, California. Mara nyingine inachosha. Dansi ya ubalozi kwangu ni ndefu kuliko utamu wake. Lakini Ascot, kule kwenye mbio za farasi! Pale ujukwaa wenyewe ndio kichekesho. Cecil Beaton, aliyebuni mavazi ya jukwaani na ya filamu, aliwavisha mabwana na mabibi wote nyeupe, nyeusi na kijivu, kofia kama meli, akawasimamisha kama sanamu. Wanaimba kwamba msisimko umewazidi, na hakuna anayesogeza hata kope. Farasi wanapita kwa kishindo. Sanamu zinageuza shingo. Basi.

Katikati ya sanamu hizo Higgins anamleta mwanafunzi wake kwa jaribio la kwanza, kapewa mada mbili tu: hali ya hewa na afya za watu. Na Eliza anatii. Kwa matamshi ya kasri, kila h mahali pake, anawasimulia kwamba shangazi yake alisemekana kufa kwa mafua, lakini yeye anaamini walimmaliza, na ile kofia mpya ya majani aliyokuwa arithi yeye, nani kaiba? Mabibi wanasikiliza wakidhani ndiyo mitindo mipya ya kuongea. Higgins amembadilishia sauti, umbea wa kibarazani umebaki palepale. Kisha mbio zinaanza, farasi wake anazembea, na anamfokea aharakishe, kwa kumtajia sehemu ya mwili ambayo haitajwi mbele ya wakwe. Kwa Shaw, 1914, mshtuko ulitoka kwenye neno moja la matusi ya Kiingereza ambalo leo mtoto analitumia. 1956 lilishapoa, Lerner ikabidi atafute lenye moto. Hapo anayefoka ni Hepburn, na mama akitaka ushahidi kwamba msichana ana koo, huo hapo.

Filamu ilitoka Oktoba 1964. Usiku wa Oscar, tarehe 5 Aprili 1965, ilichukua tuzo 8 kati ya 12 ilizoteuliwa: filamu bora, mwongozaji, Harrison, mavazi, muziki, hata sauti. Hepburn hakuteuliwa kabisa. Mwigizaji bora wa kike? Julie Andrews, kwa Mary Poppins, kazi aliyokuwa huru kuifanya kwa sababu nafasi ya kuwa Eliza ilimpita. Wiki chache kabla, akipokea tuzo nyingine, Golden Globe, alimshukuru hadharani Jack Warner kwa kuliwezesha jambo hilo. Ukumbi ulicheka, na Warner alikuwamo. Na kwenye Oscar Harrison alikabidhiwa sanamu yake na Hepburn mwenyewe, akawashukuru mabibi wawili kwa pamoja, maana Andrews alikuwa amekaa palepale. Mwanamume yule hakuwa na sifa ya upole, lakini usiku ule alijua la kusema.

Nixon hakuwa na tuzo ya kuteuliwa, tuzo ya kazi yake haikuwapo. Ila 1964 hiyohiyo alipanda jukwaani New York akamwigiza Eliza kwa mwili wake wote, na 1965 uso wake ukaonekana kwenye filamu: ni mmoja wa watawa kwenye The Sound of Music. Ukiitazama tena utamwona anaimba na masista wenzake kuhusu mwenzao mmoja mtundu asiyefaa utawa. Mtundu huyo anachezwa na Julie Andrews.

Kabla hujairudisha kwa mjomba, mwekee dakika ya mwisho. Shaw hakutaka Eliza arudi kwa Higgins. Aliandika hata maelezo marefu kwamba aliolewa na Freddy na kufungua duka la maua, na mwigizaji wa kwanza wa Higgins kule London alipoanza kumrushia Eliza maua mwishoni kudokeza mapenzi, Shaw alikasirika sana. Filamu inamrudisha, na watu bado wanagombania hilo. Wewe sahau ndoa, tega sikio. Higgins amerudi nyumbani peke yake, anawasha mashine, na inatoka sauti ya Eliza ya siku ile ya kwanza, ya muuza maua. Anakaa ameinamisha kichwa anaisikiliza. Eliza anaingia nyuma yake polepole, anaizima mashine, na kuimalizia sentensi yeye mwenyewe, kwa Cockney ileile ya zamani: nilinawa uso na mikono kabla sijaja, nilinawa. Hakuna okestra juu ya maneno hayo, wala noti ya kufikia. Hiyo ni sauti ya Hepburn, na hapo mjomba hana la kusema.